Zege Halilali: Ratiba ya Ujenzi Inavyobebwa na Ahadi za Watu

Muulize mtu yeyote aliyejenga Dodoma miaka hii kwa nini jengo lake lilichelewa. Atakutajia mvua, saruji iliyopanda bei, fundi aliyehamia saiti nyingine, malipo yaliyokwama ofisini kwa mtu. Yote hayo hutokea kweli. Lakini ukiichukua ratiba ya mradi mmoja ukaifuatilia wiki hadi wiki, unagundua kwamba siku nyingi hazikuliwa na mvua wala saruji. Zililiwa na neno la mtu. Mtu alisema "itakuwa tayari" huku akijua haitakuwa, au angejua kama kuna aliyemuuliza vizuri.

Makala hii inahusu neno hilo: linavyotolewa, linavyovunjika, na kwa nini mradi wenye watu wanaosema ukweli mapema huenda haraka kuliko mradi wenye watu wanaosema "sawa bosi" kutwa nzima.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini kasi ya ujenzi tunayoiona leo ilianza Julai 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kweli. Tangu hapo kumekuwa na Mji wa Serikali kule Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita zaidi ya 112, reli ya SGR, na maelfu ya nyumba za watu binafsi Ilazo, Iyumbu, Nala, Nkuhungu na kwingineko. Kazi zote hizi zinagombania mafundi walewale, malori yaleyale na maji yaleyale. Saruji husafiri mamia ya kilomita kutoka pwani. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ikianza, baadhi ya vibarua waliotoka Bahi, Chamwino au Kongwa hurudi kulima. Mji wa namna hii haumsamehei mtu anayeahidi ovyo.

Tuchukue slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa moja. Mradi umepanga kumwaga zege Alhamisi. Ili Alhamisi hiyo iwepo, mambo saba lazima yawe tayari kwa pamoja: boksi (umbo la mbao linaloshikilia zege hadi likauke) limefungwa na kukazwa, nondo zimesukwa kwa vipimo vya mchoro, paipu za umeme na maji zimelazwa ndani yake, saruji, mchanga na kokoto viko saiti, mixa ya kuchanganyia zege na vaibreta ya kulishindilia ni nzima, boza la maji limefika, na mshauri elekezi, yaani mtaalamu anayekagua kazi kwa niaba ya mwenye mradi, amekuja, amekagua, amesaini. Kwa kila jambo kuna mtu wake, na kila mtu ameahidi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Chukulia kila mmoja wa watu hao saba hutimiza ahadi yake mara tisa kati ya kumi. Huyo ni mtu wa kuaminika kabisa; wengi tungefurahi kufanya naye kazi. Lakini uwezekano wa wote saba kutimiza kwa siku moja ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara saba, yaani asilimia 48 hivi. Watu saba waaminifu, na slabu bado ina nafasi pungufu ya nusu ya kumwagwa Alhamisi. Wakiwa watu wa mara nane kati ya kumi, uwezekano unashuka hadi asilimia 21. Wakipanda hadi mara kumi na tisa kati ya ishirini, unafika asilimia 70.

Hesabu hii ndiyo kiini cha mada yote. Inaonyesha kwa nini mradi unaweza kuchelewa bila kuwa na mvivu wala mwizi hata mmoja, na kwa nini kuongeza kidogo tu uaminifu wa neno la kila mtu kunabadilisha mradi mzima. Inaonyesha pia kwa nini kugomba hakusaidii. Ukimgombeza yule aliyekosea safari hii, safari ijayo atakayekosea ni mwingine kati ya wale sita.

Na zege halilali. Slabu ikishaanza kumwagwa haiachwi katikati. Ukisimama saa kadhaa kwa sababu maji yameisha, zege jipya halishikani vizuri na lililotangulia, na hapo panabaki mstari utakaokuja kuvuja au kupasuka. Kisha linahitaji kumwagiliwa walau siku saba mfululizo, jambo linalotaka maji katika mji ambao mgao wa maji si habari ngeni, na linalotaka umakini zaidi kiangazi, upepo wa Dodoma unapokausha uso wa zege kabla halijakaza ndani. Kwa hiyo ahadi ya mwenye boza haiishii Alhamisi. Inaendelea hadi Alhamisi ya pili, na mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo.

Wasimamizi wengi huitikia hali hii kwa kuongeza siku kwenye ratiba. Kazi ya siku nne wanaiandika sita, ili ucheleweshaji upate pa kujificha. Fundi naye anajua siku mbili zimeongezwa, kwa hiyo anazitumia kwenye saiti nyingine. Mwisho ratiba inakuwa karatasi ya ukutani ambayo kila mmoja anajua haisemi ukweli, na kila mmoja anapanga mambo yake kwa kukisia kinachoendelea kweli.

Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, watafiti wawili wa ujenzi, Glenn Ballard na Gregory Howell, walijiuliza swali ambalo kwa mshangao halikuwa limepimwa sana kabla yao: kati ya kazi ambazo saiti inasema itazifanya wiki hii, ni ngapi hufanyika kweli wiki hiyo? Walipohesabu kwenye miradi halisi, walikuta ni kidogo tu zaidi ya nusu. Na hiyo ilikuwa miradi yenye makampuni makubwa, wahandisi wasomi na ratiba za kompyuta. Kutokana na kazi hiyo wakajenga utaratibu wa kupanga ambao umeenea nchi nyingi, unaomweka mbele yule mpangaji wa mwisho kabisa, yaani mtu anayesimama na mafundi asubuhi na kuwaambia leo tunafanya hili. Kwetu huyo ni foremani, au fundi mkuu.

Wanatofautisha mambo manne ambayo saiti nyingi huyachanganya. Kuna kazi *inayopaswa* kufanyika, kwa mujibu wa ratiba kuu. Kuna kazi *inayowezekana*, kwa sababu vifaa, michoro, watu na vibali vipo. Kuna kazi ambayo mtu ameahidi kwamba *itafanyika*. Na kuna *iliyofanyika*. Ugonjwa wa saiti ni kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu. Ratiba inasema nguzo ziishe wiki hii, basi foremani anaambiwa nguzo ziishe wiki hii, naye anasema sawa. Hakuna aliyesimama kwenye lile la pili na kuuliza kama nondo za kipenyo kile zimeshanunuliwa.

Ndiyo maana utaratibu wao unataka timu itazame mbele wiki sita hivi, ikitafuta vizuizi na kuviondoa kabla kazi haijafika. Kibali kinachosubiriwa, mchoro ambao haujasahihishwa, rangi ambayo mwenye nyumba hajachagua: kila kizuizi kinaandikwa ubaoni pamoja na jina la mtu na tarehe. Kazi ambayo vizuizi vyake havijaondolewa haiingizwi kwenye ahadi za wiki, hata kama bosi anaitaka. Hapa ndipo ukweli unapokuwa mgumu kidogo, kwa sababu mtu wa chini anapaswa kumwambia mtu wa juu kwamba hilo unalolitaka haliwezekani wiki hii.

Tazama mazungumzo ya kawaida saitini. Injinia wa saiti ni binti wa miaka ishirini na kitu, foremani wa boksi ni mtu mzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, Alhamisi tunamwaga. Boksi litakuwa limeisha Jumatano?"

"Litakuwa limeisha, Injinia. Usiwe na wasiwasi."

Mazungumzo yamekwenda kwa heshima, na hakuna chochote kilichofahamika. Foremani amejibu kama mtu mzima anayetaka kumwondolea kijana wake wasiwasi. Injinia ameandika kwenye daftari lake kwamba boksi ni Jumatano. Sasa abadilishe swali.

"Mzee, ili boksi liishe Jumatano, unahitaji nini ambacho leo huna?"

"Mirunda ya kuegemeza boksi. Niliyonayo inabeba kama nusu ya slabu. Mingine yote imeshikilia ile mihimili tuliyomwaga juzi, siwezi kuigusa."

"Ikija mingine Jumatatu?"

"Ikija Jumatatu asubuhi, Jumatano saa kumi jioni nakukabidhi. Ikija Jumanne, hesabu Ijumaa. Halafu kuna vijana wangu wawili wana msiba Kongwa, sijui kama watarudi."

"Basi mirunda ni juu yangu, Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi. Nikiona gari linasumbua nakupigia Jumapili. Na wewe ukisikia hao vijana hawarudi, nipigie siku hiyohiyo, usingoje Jumatano."

"Hapo sawa."

Ukweli wote ulikuwepo tangu mwanzo kichwani mwa yule mzee. Hakuna aliyedanganya katika mazungumzo ya kwanza kwa maana ya kukusudia ubaya. Swali la "itakuwa tayari?" linamwomba mtu athibitishe matumaini ya anayeuliza, na kwa malezi yetu ni vigumu kumkatalia mtu matumaini yake uso kwa uso. Swali la "unahitaji nini?" linampa nafasi ya kusema ukweli bila kuonekana mkaidi. Tena mzigo umegawanyika: injinia naye ametoka pale na ahadi yake.

Mtu aliyelifikiria sana jambo hili ni Fernando Flores wa Chile. Alikuwa waziri katika serikali ya Salvador Allende, akafungwa baada ya mapinduzi ya 1973, kisha akaenda California na kusomea shahada ya uzamivu Berkeley. Hoja yake ni kwamba kazi ya pamoja, ukiichambua hadi chini, ni mtandao wa maombi na ahadi. Mtu anaomba, wanajadiliana masharti hadi mmoja anaahidi, anatekeleza na kutangaza kwamba amemaliza, aliyeomba anakagua na kukubali. Hatua zote zikikamilika, kazi imetimia. Ikikosekana moja, kuna mgogoro unaokuja hata kama leo watu wanacheka. Watu wa ujenzi waliuchukua mtazamo huo kwa sababu unafanana mno na maisha ya saiti.

Hatua inayokosekana mara nyingi zaidi kwetu, kwa nionavyo mimi, ni ya pili, ile ya kujadiliana. Maombi yanatoka kama amri, na majibu yanatoka kama salamu. Ahadi ina uzito pale tu ambapo anayeahidi angeweza kukataa bila kuadhibiwa. Fundi anayejua kwamba akisema "siwezi" Jumatatu atafukuzwa Jumatatu, atasema "naweza" ili afukuzwe Ijumaa. Angalau atakuwa amelipwa siku nne. Hapo msimamizi amenunua uongo kwa pesa yake mwenyewe. Huwezi kudai ukweli kwa mtu uliyemnyima nafasi ya kuusema.

Hatua ya mwisho nayo ina matatizo yake. Neno "imeisha" linabeba maana nyingi saitini. Fundi lipu anasema chumba kimeisha kwa sababu kuta zimepigwa, ingawa pembe za madirisha bado. Fundi umeme akija kesho yake hawezi kufunga soketi. Kwenye grupu la WhatsApp la mradi imetumwa picha ya ule ukuta mzuri, na mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam ameitikia kwa dole gumba. Ripoti ya mwezi nayo inasema lipu asilimia 90, na mwezi unaofuata tena asilimia 90. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kuanza kwamba kazi imeisha pale fundi anayefuata anapoweza kuingia na kuanza yake bila kusubiri chochote. Anayetamka kwamba imeisha awe yule anayeipokea. Kwa kipimo hiki hakuna asilimia 90. Ama imekabidhiwa, ama bado.

Turudi kwenye utaratibu wa Ballard na Howell: mwisho wa wiki zinahesabiwa ahadi. Zilitolewa ngapi, zilitimizwa ngapi kwa ukamilifu. Ahadi ishirini, zikatimia kumi na moja: asilimia 55. Kwa zile tisa zilizovunjika kila moja inaandikwa sababu. Sababu ndizo dhahabu. Baada ya mwezi mmoja utaona kwamba tano kati ya tisa hurudi palepale, pengine mchoro unaochelewa, pengine gari la kokoto ambalo halijawahi kufika kabla ya mchana. Lakini takwimu hii inaharibika siku ile inapogeuzwa fimbo. Ukianza kukata watu posho kwa sababu ya asilimia ndogo, wiki ijayo wataahidi mambo mepesi tu waliyo na hakika nayo, asilimia itapanda hadi 95, na jengo litasimama palepale. Kwa hiyo iangalie pamoja na ratiba kuu: je, tunachotimiza ndicho kinachopaswa kufanyika?

Nimezungumzia sana ukweli wa mafundi, na si haki kuishia hapo, kwa sababu uongo wa saiti kwa kawaida hushuka kutoka juu. Mwenye mradi anamwambia mkandarasi kwamba cheti chake cha malipo ya kazi iliyofanyika kitalipwa "wiki ijayo". Mkandarasi anamwambia mkandarasi mdogo wa nondo kwamba Ijumaa kuna pesa. Mkandarasi mdogo anawaambia vijana wake vivyo hivyo. Ijumaa inapita mara tatu. Fundi, ambaye ana kodi ya chumba na watoto wa shule, anapata kazi ya siku mbili Iyumbu na hasemi, kwa sababu akisema atapoteza hata kile anachodai. Jumatatu hayupo, na msimamizi anaandika kwenye ripoti kwamba mafundi wa siku hizi si waaminifu.

Mkandarasi akiambiwa ukweli, kwamba fedha zitatoka baada ya siku sitini, anaweza kupanga: kukopa, kupunguza watu, kutanguliza kazi isiyotaka vifaa vya gharama. Ukweli mbaya wenye tarehe unapangika. Habari njema isiyo na tarehe haipangiki hata kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa maamuzi. Mwenye nyumba akichelewa kuchagua vigae, au mshauri elekezi akikaa na swali la mkandarasi wiki tatu, hao nao wamevunja ahadi, na majina yao yanastahili kuwa kwenye ubao uleule pamoja na la mwenye boza.

Waandishi wa mikataba wamelijua hili kwa muda. Mikataba ya mfano ya ujenzi ya NEC ya Uingereza, iliyotolewa 1993, inawataka mkandarasi na msimamizi watoe taarifa mapema mara wanapoona jambo litakaloongeza gharama au kuchelewesha kazi. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ikaingiza kipengele cha tahadhari ya mapema kwenye matoleo yake ya 2017. Ni vipengele vizuri. Bahati mbaya katika miradi mingi taarifa hizo huandikwa kama silaha za kesi, barua baada ya barua za kujilinda, wakati simu moja siku ya Jumapili ingeokoa Alhamisi. Mkataba unaweza kumlazimisha mtu kuandika. Kumfanya aseme ukweli wakati bado unasaidia kunategemea alivyopokelewa mara ya mwisho alipoleta habari mbaya.

Ahadi za kweli hazileti saruji isiyokuwepo. Hazizuii mvua kubwa, wala haziondoi udongo mweusi wa mbuga unaovimba chini ya msingi kwa sababu hakuna aliyepima udongo. Kazi yake ni kukufanya ujue mapema, na katika ujenzi kujua Ijumaa badala ya Jumatano ni tofauti kati ya kuhamishia mafundi ishirini kwenye kazi nyingine na kuwalipa wakiwa wamekaa kivulini.

Kuna sehemu moja ambapo ningependa kuona haya yakijaribiwa zaidi, nayo ni miradi ya fosi akaunti kwenye shule na zahanati, ambapo taasisi yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi. Mwishoni mwa 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3, shule za nchi nzima zilianza kujenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi sana, na wakuu wa shule wakajikuta ni mameneja wa miradi bila kusomea. Kwenye shule ya kata huko Chamwino au Bahi, msimamizi ni mwalimu, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ni wazazi na majirani, na fundi ni mtu wanayesali naye. Kumdai mtu kama huyo ahadi yake ni kazi ngumu kuliko kumdai mgeni, maana kesho mnakutana kisimani.

Lakini ujirani huohuo unasaidia, kwa kuwa watu wanajuana mambo ambayo kampuni kutoka mbali isingeyajua kamwe. Ubao wa ofisini na nusu saa ya Ijumaa vinatosha. Kila mmoja aseme ataleta nini wiki ijayo, anahitaji nini kwa nani, na ya wiki iliyopita yalitimia mangapi. Mwalimu mkuu aanze na yake: fedha zimeingia au hazijaingia, na kama hazijaingia aseme hivyo mbele ya fundi. Halafu aje mwenye tripu za mchanga. Mvua zikishaanza korongo linajaa na lori haliingii, kwa hiyo akiahidi mchanga wa Desemba aulizwe hapohapo uko wapi leo: umeshamwagwa uwanjani pa shule, au bado uko korongoni?